Siku Nilipogeuza Viatu vya Mjomba Athumani

Siku tulipotoa nje vitu vya nyumba yangu ya Kwedizinga tulikuwa wanne. Nilikuwepo mimi, Mwanahamisi, mwenye nyumba. Alikuwepo Saumu, binti yangu wa kwanza, anayekaa Korogwe mjini, ndiye aliyekuja kunichukua nikakae kwake, maana magoti yangu yamekataa shamba. Alikuwepo Rehema, binti wa Saumu, mjukuu wangu huyo. Na alikuwepo jirani yangu, Mama Hadija, ambaye si ndugu wa damu, ila tumelia misiba pamoja miaka mingi mpaka watu wamesahau kwamba si ndugu. Alisema amekuja kusaidia. Nadhani alikuja pia kuangalia sufuria langu kubwa linabaki na nani.

Rehema ndiye aliyekuwa msimamizi. Alitandika turubai uani, akatoa kila kitu, hata vitu ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa nimevisahau, akasimama katikati kama karani wa mnadani.

"Bibi, mafungu ni matatu. Hili la kwenda Korogwe, hili la kugawa, hili la kuchoma."

"Na mimi niko fungu gani?"

"La kugawa," akadakia Mama Hadija. "Mleteni kwangu. Ana mdomo, lakini ugali wa bada anajua kusonga."

Tukacheka. Nakwambia hivi ili ujue kwamba siku ile haikuanza na huzuni. Yakatoka makoti ya marehemu mume wangu mawili, likatoka la mtumba alilonunua Saumu, likatoka na lile refu la kijivu ambalo sikumbuki lilivyoingia kwangu. Rehema akayashika yote mikononi. "Bibi, makoti manne, na jua hili la Kwedizinga?" Nikamwambia aje alale hapa mwezi wa saba, alfajiri ndipo aniulize nilikuwa na mangapi.

Kisha akaingia chini ya kitanda, akavuta sanduku la bati. Ndani palikuwa na kanga ya zamani, na ndani ya kanga palikuwa na viatu vya ngozi vya mwanamume, vyeusi, vimekauka mpaka vimekuwa kama makopa ya muhogo.

"Hivi vya babu?"

"Babu yako alikuwa na mguu kama jembe. Haviwezi kumwingia."

"Basi vya kuchoma," akasema, akaviweka kwenye fungu la tatu, wala hakukosea. Mtu akiviona hivi hivi ataviona uchafu.

Mimi nikasema hapana. Nafikiri nilisema kwa sauti, maana wote watatu walinigeukia. Nikakaa kwenye kizingiti, nikawaeleza jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu kwa miaka sitini na kitu, hata mume wangu niliyelala naye kitanda hicho hicho juu ya sanduku hilo hilo. Na wewe unayesoma, kaa nikueleze kama nilivyowaeleza wao.

Nilikulia Kwamsisi kwa bibi yangu mzaa mama. Mama yangu, Mwajuma, alijifungua mapacha nikiwa na miaka kama saba, akanipeleka kwa mama yake nikasaidie kuchota maji, na yeye apunguziwe mdomo mmoja. Bibi aliitwa Mwanaidi. Alikuwa mwembamba, mweusi wa kung'aa, mwenye vidole virefu vinavyojua kazi. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na nyasi, vyumba viwili na ukumbi, lakini sijaona tena nyumba iliyopangwa namna ile. Jembe linasimama nyuma ya mlango, bapa limetazama ukuta. Mchi unalala, hausimami ndani ya kinu. Ungo unaning'inia juu ya mtungi. Ufagio wa chelewa hauegemezwi mlangoni, ni mwiko. Ukirudisha kitu mahali pasipo pake, hakupigi. Atakuita jina lako lote, atakuonyesha kwa kidole, atasema, "Kila kitu kina kwao, Mwanahamisi. Kitu kisicho na kwao hukimbia watu."

Harufu ya nyumba ile ninayo mpaka leo puani. Moshi wa kuni, mahindi yaliyoning'inizwa juu ya meko, mafuta ya mbarika, na mboga ya mchunga inayochemka jioni na uchungu wake. Asubuhi kanga wa porini walipiga kelele upande wa mto, na bibi alikuwa ameshaamka, anafagia huku anasema peke yake maneno ya dua.

Sasa, ukumbini, ukiingia tu mkono wa kulia, palikuwa na kigingi ukutani. Kwenye kigingi lilining'inia koti la sufu, jeusi. Chini ya koti vilikaa viatu hivi. Vilitazama ndani, visigino mlangoni, kama mtu aliyeingia sasa hivi na bado hajaketi. Kila Alhamisi jioni bibi alivishika, akavipaka mafuta ya mbarika kwa kitambaa, akavirudisha vilevile, vitazame ndani. Kiatu cha kushoto kilikuwa na kinundu ubavuni, na bibi alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya kinundu hicho polepole, kama anavyopapasa paji la uso la mtoto mwenye homa.

Vilikuwa vya Mjomba Athumani, mtoto wake wa mwisho, mdogo wake mama yangu. Kinundu kile ni cha kidole chake. Kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilizaliwa kimempanda mwenzake. Mimi mjomba nilimwona mara moja tu ninayoikumbuka. Alinibeba mabegani kutoka shambani, nikashika masikio yake nisianguke, na alinuka tumbaku na mkonge. Alikuwa akikata mkonge kwenye mashamba ya Korogwe, na ilikuwa kawaida yake kurudi kila Idi. Koti na viatu alivinunua huko mjini kwa Mhindi, lakini safari ya mwisho aliviacha. Alivaa makatambuga yake ya tairi, akamwambia mama yake, "Hivi ni vya Idi, mama. Huko kambini mkonge utavila." Akaenda. Ikaja Idi, hakuja. Ikaja ya pili.

Bibi alimwagiza kila mtu aliyeelekea Korogwe. Mwenye ng'ombe, mwenye mahindi, mwenye kesi. Aliwasimamisha njiani na kuwaambia maneno yaleyale: "Ukifika, niulizie Athumani wa Mwanaidi, wa Kwamsisi. Kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kimempanda mwenzake." Nao waliuliza kweli, kijiji chetu kilikuwa cha watu. Wakirudi wanapitia kwetu hata kabla ya kufika kwao, wanasema, "Bado, mama." Anawapa maji ya kunywa.

Wazee walimshauri amruhusu mwanawe asomewe kama marehemu. Hilo lilitokea kabla mimi sijahamia pale, na mtoto wa siku zile haelezwi kitu, anaona tu. Baadaye sana ndipo nilipojua bibi aliwajibu nini. Aliwaambia mbele ya watu, "Viatu vya msafiri vinatazama ndani, ili avikute vinamngoja. Siku mtakayoviona viatu vya Athumani vinatazama nje, siku hiyo mnipe pole. Kabla ya hapo, mtu asinitamkie." Sijui kama hiyo ni mila ya Wazigua wote au ilikuwa ya nyumbani kwetu tu. Lakini Kwamsisi nzima ilijua. Asiyejua nilikuwa mimi.

Mimi nilijua jambo jingine. Nilikuwa nasoma Kurani chuoni kwa Mwalimu Bakari, kwenye banda lake la makuti, na Mwalimu Bakari alikuwa na ugonjwa wa viatu. Kabla ya alifu, viatu. Alitufundisha kwamba mgeni akivua viatu vyake kuingia ndani, mtoto mwenye adabu anavigeuza vitazame njia, ili mgeni akitoka aingize mguu tu na kwenda, asihangaike kuinama. "Anayegeuza viatu vya mgeni," alisema, "amemsindikiza hatua saba." Nilikuwa hodari. Kuandika kulinishinda, nikaishia darasa la tatu la serikali, lakini viatu nilivipanga mpaka mwalimu akawa anawaita wenzangu waje watazame.

Ikafika siku ya hitima ya babu, mume wa bibi, ambayo ilisomwa kila mwaka baada ya mavuno. Nyumba iliamka na kazi. Wanawake walikuwa nyuma, jikoni, wanatwanga na kupepeta mchele, na vitunguu vilipoingia kwenye samli hata mbuzi walisogea. Mimi nikapewa ukumbi. Nifagie, nitandike mikeka, nipokee viatu. Sijawahi kupewa kazi kubwa namna ile. Nilifagia mara mbili. Nilipotandika mkeka mrefu, ukagonga viatu vya mjomba pale chini ya koti, ukakunjika. Nikaviinua. Nikaona wageni watavikanyaga. Nikavitoa nje, nikavifuta vumbi kwa kanga yangu, nikaviweka mwanzo kabisa wa safu, pahali pa heshima. Kisha nikavigeuza vitazame njia, kama nilivyofundishwa.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Ramadhani, jirani yetu. Alivua makubazi yake, akaviona viatu vya mjomba. Akasimama. Akavua kofia, akaivaa tena. Mimi nikadhani anastaajabia safu yangu, nikanyooka zaidi. Aliniwekea mkono kichwani, akaingia. Kila aliyekuja baada yake alifanya vilevile, anatazama, anaingia taratibu. Safu ikawa ndefu mpaka kwenye mfenesi wa uani. Viatu vyote vimetazama njia. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Ndani wakasoma. Walipofika kwenye dua, Mwalimu Bakari akawataja marehemu wa nyumba ile kwa sauti yake nene iliyofika hadi jikoni. Akamtaja babu, Salimu. Akataja wazee wa babu. Kisha akasema, "Na mtoto wake, Athumani bin Salimu."

Nilisikia mchi umenyamaza kule nyuma. Kisha bibi akatokea pembeni mwa nyumba, mwiko bado mkononi unadondosha samli. Hakukimbia. Alikuja mpaka kwenye safu, akasimama mbele ya viatu vya mwanawe. Alivitazama. Akanitazama mimi na ufagio wangu.

"Nani amepanga?"

"Mimi, bibi."

Aliusogeza mwiko pembeni, samli isidondokee viatu. Kisha akasema, "Umepanga vizuri."

Watu wakaanza kutoka. Mzee Ramadhani akamjia, akamshika mikono yote miwili, na mwiko humo humo. "Pole, Mama Athumani. Umefanya jambo zito." Nikamwona bibi anafumbua mdomo. Alinitazama tena, mara moja, haraka. Kisha akasema, "Nimeshapoa." Akaja mwingine, pole, nimeshapoa. Akaja mwingine. Walipita wote mbele yake, na wote akawajibu, na kila mmoja akaingiza mguu kwenye kiatu chake kilichotazama njia akaenda zake bila kuhangaika.

Sasa mimi ni mtu mzima, najua kwa nini hakusema. Angesema ni mtoto amekosea, ingebidi mwalimu aambiwe mbele ya jamaa kwamba amemsomea aliye hai. Na mimi ningebaki na jina. Mtoto aliyemzika mjomba wake. Kwamsisi ile jina halifutiki, ningeolewa nalo. Bibi alipima hapo hapo, mwiko mkononi, mtoto aliyeko na mtoto asiyeko. Akanichagua mimi.

Na lililofuata lilifuata kwa desturi. Mtu akishasomewa, nguo zake hazikai. Koti akapewa Mzee Ramadhani kwa ujirani. Viatu havikumwingia mtu, kwa sababu ya kile kinundu, bibi akavifunga kwenye kanga akavitia sandukuni. Pale chini ya kigingi pakabaki patupu. Lakini bibi aliendelea kupakwepa. Akiingia na mtungi kichwani, alizunguka pale mahali kama bado pana kitu.

Kipupwe kilipoingia, Mzee Ramadhani alipita kila alfajiri na lile koti kwenda shambani. Ukilitazama kwa nyuma, kwenye ukungu, humwoni Mzee Ramadhani, unaona koti. Bibi alikuwa akisikia hatua, anatoka na ungo, anasimama mpaka koti limepotea kwenye kona. Hakupepeta kitu.

Ila kubwa kuliko yote ni kwamba watu waliacha kuuliza. Mwenye ng'ombe alikwenda Korogwe akarudi kwake moja kwa moja. Nani atamtafuta mtu aliyesomewa?

Mpaka hapo nilikuwa mtoto, na kosa la mtoto Mungu halihesabu. Sasa nakwambia la pili, ambalo ndilo linalonilaza macho wazi. Ulipita kama mwaka. Wenzangu chuoni walikuwa wamenieleza maana ya viatu vile, kwa kujivunia tu kwamba wao wanajua, hawakujua ni mimi. Nikaapa moyoni kwamba sitasema. Siku moja asubuhi bibi akanituma kwa Mzee Ramadhani nikaombe moto, wetu umezimika. Nikamkuta na mgeni, muuza machungwa wa Mashewa, baiskeli yake imeegemezwa kwenye ukuta. Nikachuchumaa mekoni nachagua makaa.

Yule mtu akasema, "Huko kwetu Mashewa yupo Mzigua mmoja anapalilia mashamba ya watu. Hasemi kwao ni wapi. Miguu peku. Kidole cha mwisho cha kushoto kimepanda juu ya mwenzake, tunamtania kwamba kinapanda mnazi."

Mzee Ramadhani alikuwa amelivaa koti. Akavuta ncha zake kifuani, akasema, "Vidole vya namna hiyo viko vingi."

"Mimi nasema tu nilichokiona."

"Basi usikiseme huku. Tuna wetu tuliyemsomea, na mama yake amepoa. Usimfufue mbele yake ukamuua yeye."

"Basi, mzee. Sikusema kitu."

Nilibeba makaa yangu kwenye kigae, nikaenda nayapuliza njia nzima. Bibi alikuwa amekaa mekoni ananingoja. "Mbona umechelewa?" Kama ningesema niliyoyasikia, angeinuka pale pale kwenda Mashewa kwa miguu, namjua. Lakini Kwamsisi nzima ingeuliza, kama yu hai, ni nani aliyevigeuza viatu? Nikasema, "Moto ulikuwa haujashika, bibi." Akayapokea makaa. Hakuniuliza tena.

Mzee Ramadhani simlaumu. Alidhani anamhurumia. Mimi ndiye niliyejua kwamba hakupoa.

Nilipoolewa Kwedizinga, bibi alinipa vyombo, mkeka, na sanduku la bati. Alisema, "Humo mna viatu. Ukiwa na mlango wako mwenyewe, utajua pa kuviweka." Sikuweza kumtazama. Aliondoka duniani masika iliyofuata. Mlango nilikuwa nao, miaka yote hii nimekuwa nao, na viatu nikaviweka chini ya kitanda.

Nilipomaliza kusema, Saumu akasema, "Mama, ulikuwa mtoto." Watu wote watasema hivyo, ndiyo maana sikusema. Mama Hadija, ambaye hajawahi kukosa neno, aliinama akaanza kufunga matandiko yasiyohitaji kufungwa. Rehema akaenda kwenye fungu la kuchoma, akavitoa viatu, akavipaka mafuta yake ya nazi ya mwilini. Alipofika kwenye kinundu akapunguza mkono. Sikuwa nimemfundisha.

"Vinatazama wapi, bibi?"

Siku hizi nakaa Korogwe, kwa Saumu. Nyumba ina marumaru na geti, na pembeni ya mlango kuna rafu ya chuma ambapo viatu vinasimama kwa ubavu kama sahani, havitazami popote. Vya mjomba nimeviweka chini, ukiingia mkono wa kulia, visigino mlangoni. Wageni wanavipiga teke bila kujua, Rehema anavirudisha. Kwamsisi tulipita mwaka jana kwa bodaboda, mimi na yeye. Nyumba ya bibi hakuna, wamelima mahindi uwanja mzima. Mfenesi upo. Nilitaka nimwonyeshe Rehema mahali kigingi kilipokuwa, nikashindwa kujua nisimame wapi.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka, na majina yao wote nimemwandikisha Rehema, maana hakuna mwingine wa kuyaweka. Kama nimekosea la Mwalimu Bakari, au mfenesi haukuwa upande ule, wajukuu wao wapo, wanisahihishe. Lakini zaidi ya hayo, kama wewe unayesoma babu yako alikuwa Mzigua mkimya aliyelima mashamba ya watu Mashewa au upande wowote huo, akaoa, akazeeka, akazikwa na watoto wake mwenyewe, na kidole cha mwisho cha mguu wake wa kushoto kilimpanda mwenzake, basi nimekosea tangu mwanzo kudhani nilimwacha bila mtu, na hilo ndilo ninalolitaka. Njoo uniambie nimekosea. Mlango ni wa Saumu, lakini viatu utavikuta.